Acheni Kutusifia, Pangeni Ratiba Upya

POSTI YA 1 KATI YA 8: Swali nililochoka kuulizwa

Ndugu zangu, leo naanza mfululizo wa posti nane. Ni ndefu, najua. Anayetaka fupi vichekesho vipo, aende tu, sitamlaumu.

Mimi ni muuguzi na mkunga, mama wa watoto watatu, na wodini nina miaka kumi na minne. Kuna swali nimeulizwa mpaka nimelichoka: "Sista, hivi unabalansi vipi kazi na familia?"

Tunaulizwa tarehe 8 Machi tukiwa tumeshona vitenge vya kufanana. Tunaulizwa tena tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, mishumaa mkononi. Anayeuliza anatabasamu, anasubiri umpe siri: naamka saa kumi alfajiri, napika maharage ya wiki nzima Jumapili, nasali sana, nina mume mwelewa. Ukishajibu anakupigia makofi na kukuita mwanamke wa shoka. Halafu ratiba ya zamu inabandikwa ukutani ikiwa vilevile.

Sijawahi kusikia daktari wa kiume mwenye watoto watano akiulizwa swali hilo. Kwake jibu linajulikana: yuko mtu nyumbani.

Sasa nawaambia ukweli ambao hausemwi kwenye makofi. Hakuna anayebalansi. Kila ukimwona mama anafanya kazi ya zamu, anasoma na analea, jua kuna mtu analipa. Pengine anayelipa ni bibi mwenye presha anayebeba mjukuu mgongoni kutwa. Pengine ni binti wa watu aliyeletwa na basi kutoka kijijini. Pengine ni mtoto aliyeanzishiwa uji kabla ya wakati. Na mara nyingi ni mama mwenyewe, aliyeiacha barua ya kwenda masomoni kwenye droo hadi muda ukapita.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, badilisha swali. Acha kuuliza tunabalansi vipi. Uliza: nani analipa, na nani alipanga alipe yeye?

Tunaendelea.

POSTI YA 2: Mganga hajigangi

Hii naomba uisome na kalenda pembeni.

Kazi yetu mojawapo kliniki ni kuwafundisha kina mama kunyonyesha. Tunasimama mbele ya mabenchi tunasema, mtoto apewe maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo. Maji hapana, uji hapana, na ile dawa ya bibi ya tumbo hapana. Baada ya hapo aanze vyakula vingine huku anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na ndivyo mabango yetu yanavyosema. Mama akija na mtoto wa miezi minne akakiri ameanza uji, tunamtolea macho. Wengine tunamgombeza kabisa.

Sasa geuka umwangalie huyo muuguzi anayegombeza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, siku 100. Miezi sita ni kama siku 180. Toa 84 kwenye 180, zinabaki 96. Yaani mtumishi wa afya anayefundisha wenzake miezi sita, sheria imempa chini ya nusu yake. Hizo siku 96 zilizobaki atajua mwenyewe.

Haya, twende kwenye zamu ya usiku, maana hapa ndipo watu wanapojifariji. "Lakini si sheria inakataza mama anayenyonyesha kupangiwa usiku?" Inakataza, ndiyo. Inasema mjamzito asipangiwe usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya makadirio, na mama asipangiwe miezi miwili baada ya kujifungua. Na usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Piga hesabu. Mama aliyeanza likizo siku ileile aliyojifungua atakaa nyumbani siku 84. Ile kinga ya miezi miwili itaisha yeye akiwa bado kitandani kwake. Itakuwa imemkinga na nini? Aliyeanza likizo wiki nne kabla, akajifungua kwa tarehe, atarudi kazini mtoto ana wiki nane. Kinga itamfaa siku nne au tano, basi. Wiki inayofuata anaweza kukuta jina lake kwenye usiku, na mtoto wa miezi miwili na siku kadhaa atalala na chupa.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Walikuwa wanaeleza tu jambo lilivyo. Sisi tumelichukua tukalifanya utaratibu wa kazi.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakijui, kiandike mahali. Hata baada ya ile miezi miwili, mama akileta cheti cha daktari kwamba bado hajawa sawa kufanya kazi ya usiku, au kwamba afya ya mtoto hairuhusu, hapaswi kupangiwa. Kimo kwenye sheria hiyohiyo. Tunafanya kazi jengo moja na madaktari, na hatukiombi kwa sababu hatujaambiwa kipo.

POSTI YA 3: Masaa mawili yaliyopotelea wodini

Baada ya posti ya jana meseji zimekuwa nyingi. Nashukuru. Mmoja ameniandikia, "Dada, acha kulalamika, mna masaa mawili ya kunyonyesha kila siku."

Kaka yangu, umesema kweli. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha atoke ndani ya saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Sasa njoo nikupeleke wodini hayo masaa mawili tuyatafute pamoja.

Zamu ya jioni, wodi ya wazazi, wauguzi wawili. Mmoja yuko na mama ambaye njia imefunguka sentimita nane. Wa pili ana waliojifungua leo, ana mama wa presha wa kuangaliwa kila baada ya muda mfupi, ana dripu zinazoisha, ana ndugu mlangoni wanaouliza. Huyo wa pili ndiye mwenye mtoto wa miezi mitatu nyumbani. Haya, mwambie aondoke masaa mawili. Atamwachia nani wodi? Na anapokaa pengine ni daladala mbili kutoka hospitali. Akienda na kurudi, masaa mawili yameishia barabarani.

Kwa hiyo haendi. Hajakatazwa na yeyote, na hilo ndilo linaloniuma. Haki ipo kwenye karatasi, anayeizuia haonekani, na mwisho wa siku inaonekana kama mama mwenyewe hakuitaka. Akienda, mwenzake aliyeachwa peke yake na wagonjwa atamnunia wiki nzima. Akibaki, matiti yanajaa, gauni linalowa, anajifunika sweta kwenye joto.

Basi akamue maziwa amwekee mtoto. Wapi? Tunawaambia kina mama kliniki: nawa mikono, kaa mahali patulivu, kamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko, hifadhi mahali pa baridi, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Somo zuri sana. Hospitali ngapi unazozifahamu zina mahali hapo patulivu kwa ajili ya watumishi wake? Wengi tunakamulia chooni au stoo ya mashuka, mgongo umeegemea mlango ili mtu asiingie. Kisha maziwa tunayamwaga kwenye sinki, maana friji iliyopo ni ya dawa na chanjo, na hapo sheria ni moja tu, chakula hakiingii.

Wenzetu Kenya, Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 imemtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea kazini. Sisemi kila ofisi ya Kenya inacho. Nasema kimeandikwa, kwa hiyo mama ana kitu cha kunyooshea kidole. Na hatuombi ghorofa. Tunaomba kona yenye pazia, kiti chenye mgongo, sinki, soketi na friji ndogo. Gharama yake haifiki ya mahema, viti na soda za siku moja ya maadhimisho yetu.

POSTI YA 4: Barua iliyokaa kwenye droo

Leo tuongelee kupanda ngazi.

Kwa ambao hawajui, uuguzi kwetu una madaraja ya elimu. Unaanza na astashahada, kuna stashahada, kuna shahada, na juu yake uzamili. Ukijiendeleza ukarudi na cheti kipya, unaomba kubadilishiwa muundo, mshahara unasogea, na mlango wa uongozi unafunguka. Ukibaki ulipo, utasimamiwa na watoto uliowafundisha kushika sindano.

Sasa angalia umri. Wengi tunaajiriwa tukiwa na miaka ishirini na kitu. Unathibitishwa kazini, unajipanga, na miaka unayotakiwa kuomba ruhusa ya masomo ni ileile miaka ya kuzaa na kulea. Zimegongana, na hakuna aliyekaa akafikiria zitapishana vipi.

Nawafahamu wawili, mwanamke na mwanamume, waliomaliza chuo kimoja, mwaka mmoja, darasani mwanamke akimzidi. Wote waliolewa na kuoa, wote wakapata watoto wawili. Mwanamume alipata ruhusa ya masomo akaenda mji mwingine miaka kadhaa, mke wake akabaki na watoto. Mtaani walimsifu, "Baba fulani anaijenga familia." Mwanamke naye alipata nafasi. Kikao cha familia kikaitishwa. Mama mkwe akauliza watoto watabaki na nani, mume akasema ngoja mdogo aanze shule kwanza, na shangazi akamkumbusha kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mdogo ameanza shule, amemaliza darasa la saba. Yule mwanamume leo ni kiongozi wa idara. Yule mwanamke ndiye anamwomba siku ya mapumziko.

Sina kisa na huyo kaka, ni mchapakazi. Ila kusiwe na mtu wa kuniambia alipanda kwa juhudi na mwenzake akabaki kwa kukosa juhudi. Wote walikuwa na juhudi. Mmoja alikuwa na mke.

Na hili haliko kwetu tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuhusu watumishi wa sekta ya afya na ustawi wa jamii duniani. Wanawake ni karibu asilimia 70. Nafasi za juu za uongozi wanashika asilimia 25. Soma tena hizo namba taratibu. Sekta inayobebwa na wanawake inaamuliwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukamua maziwa stoo. Unashangaa kwa nini hakuna kona yenye pazia?

Hapo ndipo posti ya 3 na hii ya 4 zinapokutana. Mama anazuiwa kupanda kwa sababu ya ratiba, na kwa kuwa hapandi, hawi mezani ratiba inapopangwa.

POSTI YA 5: Kwa nini tunaitwa "sista"

Hii ni fupi, lakini ina mzizi wa jambo.

Mgonjwa akiamka usiku anaita, "Sista!" Umewahi kujiuliza neno hilo limetoka wapi? Limetoka kwa watawa. Muda mrefu kabla ya vyuo vyetu, kuuguza wagonjwa ilikuwa kazi ya masista wa mashirika ya dini, Ulaya na baadaye hospitali za misheni huku kwetu. Mwanamke aliyeweka nadhiri, asiye na mume wala mtoto, anayelala hatua chache kutoka wodini.

Akaja Florence Nightingale, ambaye tarehe 12 Mei tunayoadhimisha ni siku yake ya kuzaliwa. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London, na mfano wake ukasambaa hadi kwenye makoloni. Namheshimu. Alileta usafi, alileta takwimu, aliwafanya watu waone kuuguza ni taaluma. Lakini naye hakuolewa wala hakuzaa. Na kwa miongo mingi hospitali nyingi za Uingereza zilimtaka muuguzi akiolewa aache kazi, aliye kazini alale bweni la wauguzi chini ya matroni.

Unaona tulikotoka? Saa za kazi na zamu zake, na ile imani kwamba muuguzi mzuri ni yule anayepatikana muda wowote, vyote vilipimwa kwa mwili wa mwanamke asiye na mtoto. Baadaye tukaruhusiwa kuolewa na kuzaa, lakini hakuna aliyelipima gauni upya. Ndiyo maana linatubana. Halafu likitubana tunaambiwa tupungue.

POSTI YA 6: Binti wa watu

Hii wenzangu mtaninunia, lakini siwezi kuiruka.

Mama muuguzi anayetoka zamu ya usiku salama, mara nyingi anatoka salama kwa sababu kuna dada wa kazi amelala na watoto wake. Huyo dada naye ni mtoto wa mtu. Wakati mwingine naye ana mtoto, amemwacha kijijini kwa bibi, ili aje alee wa kwetu. Umeona mnyororo? Mwajiri anamsukumia mama mzigo, na mama anamsukumia binti asiye na mkataba, wala siku ya kupumzika, wala wa kumsemea.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaolia kwamba hatupewi masaa mawili, hebu tujiulize dada wa nyumbani kwetu anapumzika saa ngapi. Mshahara wake tunaulipa tarehe ngapi? Akiumwa tunampeleka hospitali tunayofanyia kazi au tunampa panadoli? Huwezi kudai haki mchana kazini ukaikanyaga jioni sebuleni kwako.

Lakini pia msitufunge hapo. Kuna watu wakisikia hivi wanafurahi, "Ndiyo maana mama akae nyumbani." Ngoja kwanza. Hospitali inafanya kazi saa ishirini na nne kwa sababu wananchi wanaumwa saa ishirini na nne. Mwananchi anayezaa saa tisa usiku anataka mkunga pale. Kama jamii inataka mkunga saa tisa usiku, basi jamii ina deni la kujua mtoto wa mkunga analala na nani. Kituo cha kulelea watoto karibu na hospitali, chenye walezi wanaolipwa vizuri na kinachofuata zamu zetu, kingempunguzia mzigo mama na dada wa kazi kwa pamoja. Sehemu ya kuegesha magari ya wakubwa huwa kwenye ramani ya jengo tangu siku ya kwanza. Mtoto wa mtumishi hayumo.

POSTI YA 7: Majibu kwa wabishi

Nimesoma hoja zenu zote. Nachukua nne.

*"Mlijua uuguzi una zamu, mkausomea."* Ndiyo, tulijua. Na taifa lilijua linaajiri wanawake. Unapoajiri kundi ambalo wengi wake wanazaa, halafu ratiba yako ikashtuka kila mmoja anapobeba mimba kana kwamba ni ajali, aliyekosa maandalizi ni nani?

*"Na wagonjwa je? Mnataka wafe ili ninyi mkanyonyeshe?"* Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na naijibu kama mkunga. Usalama wa mgonjwa ndio unaonifanya niseme. Saa kumi alfajiri nakokotoa matone ya dripu. Napima dawa ambayo kosa la nukta moja linaua. Nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kuamua kama naita daktari sasa au nasubiri. Mtu ambaye mchana hakulala kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga mgonjwa hapaswi kuachiwa maamuzi hayo peke yake. Ukinipenda kama mgonjwa, nipende nikiwa nimelala.

*"Sisi tusio na watoto ndio tunaobebeshwa usiku wenu."* Mdogo wangu uliyeandika hivi, una haki kabisa. Nimeona mabinti wanaopangiwa Krismasi, Idi na kila Jumapili kwa sababu tu "hawana familia." Wana wazazi, wana wachumba, wana miili inayochoka. Kumpa mama nafuu kwa kumnyonga asiye mama ni kuhamisha tatizo, na aliyehamisha anakaa pembeni akitutazama tunagombana. Wodi inayohitaji watano ikipewa wawili, hakuna ratiba ya haki. Adui yetu ni hilo pengo. Usinichukie mimi, nami nisikuchukie wewe.

*"Dada Nesi, mbona husemi baba naye?"* Nasema sasa. Sheria inampa baba siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa. Tatu! Kenya sheria ya mwaka 2007 inampa wiki mbili. Kwa siku 3 baba anapata muda wa kununua kuku wa supu na kupokea wageni, basi. Lakini akina baba, msijifiche nyuma ya sheria. Kuna neno mnalipenda, "namsaidia mke wangu kulea." Unamsaidia? Wa jirani? Kumsaidia mtu ni kazi yake ukampa mkono. Mtoto wako ni kazi yako. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na methali hiyo haikutaja mwanamke popote. Mke akiwa zamu ya usiku, wewe ndiye mlezi wa zamu. Jua kopo la uji liko wapi, jua tarehe ya kliniki ya mtoto, jua dawa ya homa anapewa kiasi gani. Na kikao cha familia kikiuliza watoto watabaki na nani mama akienda masomoni, kuwe na mwanamume mmoja wa kusema, "Watabaki na mimi."

POSTI YA 8, YA MWISHO: Tunachotaka

Namalizia kwa orodha, maana malalamiko yasiyo na orodha huishia kwenye "poleni sana."

Wewe mama mtumishi. Soma sheria ya 2004 vipengele vya likizo ya uzazi na kazi ya usiku, ni kurasa chache. Kabla hujaenda likizo, andika barua ya masaa yako ya kunyonyesha, upokee nakala yenye muhuri. Ukihitaji cheti cha daktari kuhusu zamu za usiku, kiombe bila aibu. Na ile barua ya masomo, itoe kwenye droo. Usisubiri mdogo akue, maana mdogo akikua kuna mwingine, na wa mwisho akikua utaambiwa umri umeenda.

Wewe muuguzi mfawidhi unayepanga zamu. Najua huna watu wa kutosha. Lakini kalamu unayo. Waliorudi kutoka uzazi wape zamu zinazotabirika, walau ratiba ya mwezi itoke mapema ili watu wajipange. Likizo za masomo ziwe na foleni inayoonekana ukutani, ili ajulikane nani anafuata na kwa nini. Na wasio na watoto uwahesabie sikukuu zao sawasawa na wengine.

Wewe mwenye hospitali, wa serikali, wa dini au binafsi. Chumba cha kunyonyeshea mwaka huu. Kituo cha watoto kwenye ramani ya jengo lijalo. Mtumishi akienda likizo ya uzazi, awepo wa kuziba nafasi yake, maana mimba inatoa taarifa miezi mingi kabla. Hakuna dharura yenye adabu kama hiyo.

Ninyi vyama vyetu, TUGHE na TANNA. Fulana za Mei Mosi tunashukuru. Sasa tunaomba mezani mpeleke mambo mawili yenye namba. La kwanza, likizo ya uzazi isogee kuelekea miezi sita tunayoihubiri kliniki. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 2000 linataka isipungue wiki 14, na sisi siku zetu 84 ni wiki 12. La pili, kinga ya kazi ya usiku ianze kuhesabiwa siku mama anaporudi kazini. Leo inahesabiwa tangu siku ya kujifungua, na nimewaonyesha inavyoisha mama akiwa hajavaa hata gauni la kazi.

Na wewe mwananchi wa kawaida. Hii inakuhusu kuliko unavyodhani. Mikono itakayompokea mtoto wako, au itakayokufunga macho siku yako ikifika, ina uwezekano mkubwa kuwa ya mama fulani aliyeacha wake nyumbani. Ukiwa na diwani anayekusikiliza, ukiwa kwenye kamati ya zahanati au bodi ya hospitali, uliza swali moja tu: watumishi wetu wakinyonyesha, wananyonyeshea wapi?

Tarehe 12 Mei ijayo mtatuletea tena keki na hotuba. Keki tutakula, sisi si wajinga. Ila msemaji akisimama kutusifia kwamba sisi ni nguzo, mnaomsikiliza mkumbuke kwamba nguzo haili, hailali na hainyonyeshi. Sisi tunafanya vyote vitatu.

Anayetaka kunibishia karibu sana. Aje na ratiba ya zamu mkononi, tuisome pamoja jina kwa jina.